Haufunikwi Mpaka Upimwe

Nilifikaje Pimani, msiniulize. Njia ni njia na vumbi ni vumbi, na msafiri anayekushikilia kukueleza habari za vumbi, ujue hana habari nyingine. Mimi, Hoza wa Kupaza, nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka nilipostaafu, na kazi ile imenizoesha kusikiliza neno kabla sijamtazama msemaji. Kwa hiyo ajabu ya kwanza ya nchi ile niliipata kwa masikio.

"Umepimwa?" aliniuliza mtu wa kwanza niliyekutana naye.

"Sijambo," nikamjibu, nikidhani nimesikia vibaya.

"Nimekuuliza, umepimwa?"

"Nipimwe nini, ndugu yangu? Unaniona mgonjwa?"

Akanitazama kwa huruma kama anavyotazamwa mtu asiyejua kunawa kabla ya kula, akanielekeza kwenye mji mkuu. Nikaenda nilikoelekezwa, nikafika mahali penye uwanda mtupu, nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika mchele, mji uko wapi. "Unaukanyaga, baba," akasema.

Nikainamisha uso. Ama kweli nilikuwa naukanyaga. Uwanda mzima ulikuwa umechimbwa misingi ya nyumba, mmoja baada ya mwingine, na barabara zimepita katikati. Nimeona misingi mingi maishani, lakini ile ilikuwa kazi ya mikono inayojua. Kona zimekaa sawasawa, zege limelainishwa, nondo zimesimama wima zikingoja nguzo. Ila nguzo hazikuwepo. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na paa. Ndani ya kila msingi, chini kule kwenye mtaro, palikuwa na mkeka, jiko, mtungi wa maji na watu. Na watu wale walikuwa wanakohoa. Alianza mmoja huku, akajibiwa na mwingine kule, na mwingine, mpaka nikajikuta na mimi nakohoa bila sababu.

Nilipangiwa kukaa kwa mtu mmoja aitwaye Mwinyikombo, mchimba misingi, na mkewe Bi Zamoyoni. Mwinyikombo alikuwa mrefu, mkavu, mbavu zimehesabika, na mcheshi kupita kiasi. Aliponiona nimesimama juu ya mtaro wake sijui pa kuteremkia, akanipigia kelele kutoka chini:

"Karibu, mzee wangu! Mgeni njoo, mwenyeji apimwe!"

"Apone," nikamsahihisha. Sikuweza kujizuia, ukalimani ni ugonjwa hauishi. "Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mume na mke wakatazamana.

"Apone ndiyo nini?" Bi Zamoyoni akauliza.

"Ni mtu kuwa mgonjwa, halafu asiwe mgonjwa tena."

"Halafu anakuwa nani?" akauliza Mwinyikombo, na hakuwa anatania.

"Anakuwa yeye mwenyewe, bwana. Nani mwingine?"

Akacheka sana. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, kikamkunja, kikamkalisha chini, na mkewe akamshika mgongo kwa kiganja. Alipoinua kitambaa kutoka mdomoni nikaona damu. Nikasema pole. Pole nayo hawakuijua.

Nchi ile ina sheria moja tu inayohesabika, na imechongwa kwenye jiwe lililosimama katikati ya mji, kitu pekee kinachozidi kimo cha mtu: HAUFUNIKWI MPAKA UPIMWE. Nilikuwa tayari kuicheka. Lakini Mwinyikombo alinipeleka mwenyewe mpaka pale, akipumzika kila hatua chache, akanisimulia. Zamani palikuwa na nyumba, tena za ghorofa. Tajiri mmoja alijenga jumba haraka haraka juu ya udongo mbovu, akiwahi harusi ya binti yake. Siku ya harusi, vigelegele vikiwa juu na watu wamejaa hadi kwenye ngazi, msingi ukatitia, jumba likawaangukia. Kutoa maiti kifusini kulichukua siku nyingi. Mwashi mmoja aliyepoteza wanawe wote mle ndani ndiye aliyechonga jiwe lile, akawaapisha waliobaki kwamba hautafunikwa tena msingi wowote katika nchi ile kabla haujapimwa. Nikavua kofia. Mimi niliyezeeka nikitafuta ufa katika maneno ya mawakili, katika maneno yale sikuuona.

Ufa ulikuja baadaye, kwa sababu udongo hautulii. Masika hulegea, kiangazi hupasuka. Wapimaji walipomaliza kupima, na ripoti ikasomwa, na wakubwa wakaijadili, msimu ulikuwa umeshageuka na vipimo vimekuwa vya udongo mwingine. Wakapima upya. Watu walihitaji mahali pa kulala wakati wanangoja, wakashuka msingini kwa muda, na muda ule ndio huo mpaka leo. Paa haliruhusiwi, maana ni mfuniko. Turubai ni mfuniko. Ila wakubwa wale si makatili, na baada ya mjadala mrefu walitoa nafuu: mwavuli ulioshikwa kwa mkono wa mtu hauhesabiwi kuwa paa. Mvua ikinyesha Pimani, nusu ya watu hulala na nusu husimama wamewashikia wenzao miavuli. Bi Zamoyoni alikuwa na mkono wa kulia uliojaa kuliko wa kushoto, nami nilidhani ni kwa kutwanga.

Basi watu walipoanza kuugua vifua kwa unyevu na kubanana, nani angewaangalia? Wapimaji ndio waliokuwepo, wakaongezewa kazi. Ndivyo lilivyopatikana Baraza la Kifua na Msingi, lenye msemo wake ambao kila mtoto anaujua: kifua ni msingi wa mtu, na msingi ni kifua cha nyumba. Baraza hilo linaongozwa na watu wawili. Mhandisi Shekue ni wa misingi, bwana mnene, mpole, mwenye nyundo ya shaba kiunoni. Dakta Ngwali ni wa vifua, kijana kidogo, msomi hasa, mwenye chupa ambayo wagonjwa hupulizia pumzi ndani yake na maji yakapanda. Wote wawili walinipokea vizuri mno. Natamani niseme walikuwa wabaya, ningelala vizuri zaidi.

Dakta Ngwali alimpima Mwinyikombo mara kwa mara, na alimpenda. "Huyu," aliniambia mbele ya mwenyewe, "ndiye Kifua cha Kwanza cha Pimani. Hakuna kifua kilichopimwa kuliko hiki. Tunajua kinavyopungua masika, tunajua kinavyopungua kiangazi."

"Kinapungua vizuri sana," Mwinyikombo akasema, "mpaka karibu kitakwisha," na wote wakacheka, isipokuwa mkewe.

Bi Zamoyoni alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ile dakta alipoondoka, alinisogelea huku anapepeta choroko, akaniambia bila kuniangalia: "Baba, lile neno lako. Kwenu, mtu akishapimwa, inakuwaje?"

"Anapewa dawa."

"Halafu?"

"Mungu akipenda anapona. Shemeji yangu Mbwana alikohoa damu hivi hivi. Akapimwa, akapewa vidonge, akavimeza miezi sita bila kuruka hata siku. Leo yuko barazani kwake anacheza bao na kuwatukana wenzake."

Akaacha kupepeta. "Masika yanakuja," akasema. "Mume wangu masika haya hayavuki. Mimi namshika mgongo, mimi ndiye ninayejua. Nisaidie, baba."

Sasa mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mtu akiniomba kitu nashindwa kukaa kitako. Nikamwendea Dakta Ngwali, nikamwuliza waziwazi kama Pimani hamna dawa ya kifua.

"Ipo," akasema. "Tena nzuri sana. Njoo nikuonyeshe."

Akanichukua hadi mwisho wa mji, kwenye pango lililo kando ya kilima. Ni Mungu aliyelifanya paa lake, kwa hiyo sheria hailigusi. Pango linaitwa Ghala la Yaliyojulikana. Mlango haukuwa na kufuli, ulisukumwa tu. Ndani palikuwa pakavu, rafu kwa rafu, mitungi imefungwa kwa nta. Akaniteremshia mmoja, akaufungua. Vidonge vyekundu. Juu ya mtungi wameandika kwa mkono mzuri namna ya kuvimeza, na onyo kwamba mtu akianza asikatishe.

"Vinafanya kazi?" nikauliza.

"Bila shaka. Hilo lilithibitishwa enzi za mwalimu wa mwalimu wangu. Hata namna ya kukausha msingi na kuujengea mwaka uleule, iko hapa, rafu ile." Akaionyesha kwa kidole. "Udongo ukiwa mbaya, unapanua kitako cha msingi, unauwekea mifereji ya maji, unaendelea. Linajulikana hilo."

"Lahaula! Sasa mbona watu wanakufa?"

Akanikunjia uso, si kwa ukali; alikuwa anatafuta namna ya kumfafanulia mgeni. "Mzee Hoza, sisi ni watafiti. Mtafiti anashughulika na kisichojulikana. Hiki kimeshajulikana, utafiti wake umekwisha, ndiyo maana kimeletwa huku."

"Na kinachojulikana kinashughulikiwa na nani?"

Nililiona swali lile likimwingia. "Kilichojulikana hakina idara," akasema mwishowe, akaurudisha mtungi rafuni, akaupangusa vumbi kwa kiganja.

Sikuomba ruhusa. Kesho yake asubuhi, jua limeshawaka na watu wanapita, nilirudi pale, nikasukuma mlango, nikatoka na mtungi wa vidonge kwapani kama mtu aliyetoka dukani. Hakuna aliyeniuliza. Nilipomkabidhi Bi Zamoyoni alikaa chini palepale alipokuwa, akaukumbatia mtungi, akalia. Mwinyikombo alikishika kidonge kimoja, akakigeuzageuza.

"Kadogo hivi?" akasema. "Haka ndiko kakitoe kitu kilichonikalia kifuani miaka yote?"

"Meza, bwana. Maneno baadaye."

"Nitakuwa mimi mwenyewe, sivyo?"

"Meza."

Akameza. Akaendelea kumeza kila asubuhi, mkewe akimsimamia. Wiki za mwanzo sikuona kitu, nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba dawa imezeeka. Kisha siku moja aliomba nyongeza ya ugali. Siku nyingine aliamka jasho la usiku halipo. Kikohozi kikapungua, damu ikakoma, na yule bwana akapanda ngazi ya mtaro wake bila kupumzika, akasimama juu, akageuka kututazama sisi tuliobaki chini. "Zamo," akamwita mkewe, "kumbe huku juu mbali hivi kunaonekana!" Bi Zamoyoni akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nilipopewa barua ya kustaafu.

Naam. Halafu ikafika zamu ya kupimwa.

Dakta Ngwali alimpulizisha ile chupa, na maji yakapanda mpaka yakamwagika. Akaifuta chupa, akamrudisha. Yakamwagika tena. Nikaona uso wake umepauka. "Mwinyikombo," akasema, "umefanya nini?"

Mwinyikombo hakuwahi kusema uongo mbele ya kipimo. Pimani hilo ni kama kusema uongo mbele ya msahafu. Akaeleza. Akaeleza kwa furaha, masikini, akidhani dakta atafurahi naye. Dakta Ngwali alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akashika kichwa. "Miaka yote ile," alisema. "Miaka yote ile ya vipimo."

Tuliitwa barazani siku ya pili. Baraza linakaa ndani ya msingi mkubwa kuliko yote, wajumbe kwenye ngazi za zege na wananchi wamesimama juu kwenye kingo. Mimi nilihojiwa kwanza. Sikukana.

"Umevunja sheria gani unajua?" Mhandisi Shekue akaniuliza kwa upole.

"Sijui, bwana. Kufuli halikuwepo, na mtungi haukuwa na mwenyewe."

"Kweli kabisa," akasema. "Kuuchukua si kosa. Kosa ni kufunika. Ugonjwa huu ulikuwa unapimwa na haujamaliza kupimwa. Wewe umeufunika kwa dawa."

Nikasimama. Wenzangu wa mahakamani wangenitambua siku ile. "Waheshimiwa," nikasema, "nimefanya kazi ya maneno maisha yangu yote. Kupima kwetu ni mlango. Mtu anapimwa ili apite aende kwenye dawa, kiwanja kinapimwa ili kijengwe. Ninyi mmesimama mlangoni vizazi na vizazi mnausifu mlango! Mwashi aliyechonga lile jiwe alizika wanawe. Hakutaka watu wakae mashimoni. Alitaka wakae kwenye nyumba zisizoanguka."

Kingoni watu wakanong'ona. Mhandisi Shekue hakunikasirikia. Aliniuliza swali ambalo nalikumbuka mpaka leo. "Mgeni wetu, ukituambia tujenge, na ikaanguka moja, moja tu, wewe utakuwepo?"

Sitakuwepo, na yeye alijua.

"Tangu enzi ya jiwe hili," akaendelea, "hakuna mtu Pimani aliyeangukiwa na nyumba. Hata mmoja. Nchi yako inaweza kusema hivyo?"

Haiwezi. Nikakaa.

Bi Zamoyoni akaomba kusema. Akateremka, akasimama mbele yao, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka watu wa kingoni wakainama. "Mimi siwajui hao wa nchi nyingine," akasema. "Naomba vitu viwili. Mume wangu amalizie dawa, imeandikwa asikatishe. Na mtaro wetu tuuinulie ukuta upande mmoja tu, wa mvua, kabla masika hayajaingia. Mkitaka kutupima tutapimwa ndani."

Walijadili mpaka jua likapinda. Mjumbe mmoja alitaka kujua ukuta mmoja ni ukuta au ni sehemu ya ukuta. Mwingine akasema dawa iendelee, lakini ipewe pia wagonjwa wengine ili ijulikane kama inafanya kazi, akajibiwa kwamba inajulikana, akaomba radhi, akakaa. Dakta Ngwali aliulizwa rai yake mwishoni. Alisimama. Nilimwomba kwa macho, wallahi nilimwomba.

"Vipimo vya mtu huyu ndivyo tulivyo navyo vya muda mrefu kuliko vyote," akasema. "Vikikatika, hatutajua ugonjwa huu ungefika wapi. Napendekeza dawa isimamishwe, arudi alipokuwa, tumalize. Kisha apewe."

"Arudi alipokuwa?" nikapiga ukelele. "Mwehu wewe? Mtu si saa ya ukutani! Kifua ukikatisha dawa katikati hakirudi kilipokuwa, kinarudi na meno!"

"Hilo pia linajulikana," akasema polepole, bila kunitazama, na akakaa.

Ombi la ukuta nalo liliahirishwa mpaka udongo utulie. Wakaweka kufuli kwenye Ghala, la kwanza katika historia yake, na askari juu yake. Wakauchukua mtungi kwa Bi Zamoyoni. Waliuchukua kwa adabu, wakamshukuru kwa kuutunza.

Mvua za masika ziliingia mapema. Kikohozi nacho kikaingia nazo, na hakikuwa kile cha zamani, kilimtupa chini Mwinyikombo kama mtu aliyepigwa. Nilikwenda mara ngapi kwa dakta, sitaki hata kukumbuka. Siku moja nilimkuta amekaa na chupa yake tupu mapajani. "Nimeomba kikao cha dharura," akaniambia. "Kimepangwa." Nikamwuliza lini. Akasema baada ya mvua.

Mtaro ulijaa maji hadi kwenye vifundo. Tulimwinua Mwinyikombo tukamlaza kwenye ubao juu ya mitungi iliyofudikizwa. Bi Zamoyoni alisimama amemshikia mwavuli, mkono ukichoka anahamishia wa pili, na mimi nikimwomba anipokeze ananikatalia. "Huyu ni wangu," anasema. "Wewe shika wako." Asubuhi moja ya mvua ya rasharasha, Mwinyikombo alifumbua macho, akaniona, akajaribu kutabasamu.

"Mzee wangu," akasema. "Nilikuwa mimi mwenyewe. Wiki ngapi zile?"

"Nyingi," nikamdanganya.

"Zilikuwa nzuri," akasema. Akafa kabla ya adhuhuri, mkewe amesimama na mwavuli, na akaendelea kuushika. Nilimwambia, "Mwanangu, basi, amekwenda." Akasema ananyeshewa. Nikasimama naye tu.

Kuzika kwao ni kama kwetu, watu wanaosha maiti, wanasali, wanabeba jeneza. Wachimba misingi wenzake ndio waliochimba kaburi, na walilichimba kwa namna waliyozoea, kona zake zimekaa sawa mpaka uchungu unakushika ukiliangalia. Tukamteremsha. Tukapanga mbao juu yake. Kisha watu wote wakarudi nyuma hatua moja, majembe chini, wakangoja.

"Mnangoja nini?" nikamwuliza jirani yangu.

"Lipimwe."

Sikuelewa mpaka nilipomwona Mhandisi Shekue anapita katikati ya watu na chuma chake kirefu na nyundo ya shaba. Shimo ni shimo. Siku za kawaida, walinieleza, huwa ni jambo dogo, anagonga mara chache, chuma kinakataa kuzama, anainua mkono, watu wanafukia. Lakini siku ile udongo ulikuwa uji. Akaweka chuma kando ya mwanandani, akagonga. Kikazama. Akasogea, akagonga tena. Kikazama. Mvua ilikuwa inamwingia machoni, na nadhani hakuwa analia, ingawa sina hakika.

"Halipimiki leo," akasema. "Litapimwa udongo ukitulia. Wekeni watu wa miavuli."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote niliyoyaona katika nchi ile: wanaume wazima, marafiki wa marehemu, wakaanza kupangana zamu za kushika mwavuli juu ya kaburi lililo wazi. Maji yalikuwa yanachuruzika kingoni yakiingia kati ya mbao.

Wanawake huko hawaendi makaburini. Kwa hiyo Bi Zamoyoni alipotokea kule nyuma, kanga imelowa imemgandia mwilini, watu walimpisha kwa mshangao tu. Akafika ukingoni. Akamtazama Mhandisi, akatazama chuma.

"Mnapima nini?" akauliza.

"Bibi, ni sheria," Mhandisi Shekue akasema. "Haufunikwi..."

"Naijua. Nimezaliwa nayo." Sauti yake ilikuwa ileile ndogo. "Ule ni msingi. Huyu ni mume wangu. Hatujengi kitu juu yake."

Akapiga magoti matopeni, akakumba udongo kwa mikono miwili, akaumwaga ndani. Akakumba tena. Tulisikia udongo ukigonga mbao. Mhandisi aliinua mkono kama mtu anayetaka kusema neno, akabaki nao hewani. Nikapiga magoti upande wa pili nikakumba na mimi, na tope lilikuwa la baridi. Kisha nikasikia jembe nyuma yangu, na jembe jingine.

Kikohozi kilimshika Bi Zamoyoni akiwa ameinama. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha chini, nami nilikijua, maana nilikisikia siku ya kwanza niliyofika. Dakta Ngwali alikuwa amesimama kichwani mwa kaburi, amelowa, na kwa mazoea tu, sidhani hata kama alijisikia akisema, ulimi ukamtoka:

"Umepimwa, bibi?"

Bi Zamoyoni alijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, tope likabaki shavuni.

"Nimepimwa," akasema. "Na huyu alipimwa."

Akaendelea kufukia. Dakta akaiweka chupa yake chini, akapiga magoti pembeni yake, na tukafukia wote mpaka shimo likajaa.